Gari Lililoandikwa Jina la Dada

4 Aprili

Mdogo wangu Kidomo,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikianza sentensi wewe unaimaliza, na mara nyingi unaimalizia pabaya. Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Kaichukue mwenyewe ofisi ya vifurushi, usimtume mtu.

Kwanza asante kwa zile siku nne za Machi. Sijawahi kudekezwa hivyo tangu nizaliwe. Gari jeusi, viti saba vya ngozi, dereva mwenye tai ananifungulia mlango na kuniwekea magongo yangu miguuni. Siku mbili nzima tulizunguka mji bila kushuka popote. Nilijiuliza mafuta yote hayo analipa nani, halafu nikasema acha nile raha, mdogo wangu sasa ni wakala wa forodha, ana marafiki wenye magari. Mwambie huyo rafiki yako viti vyake vilinipa usingizi. Na yule mama karani wako aliyenitafutia mto wa mgongo pale ofisini, nisalimie sana.

Sasa sikiliza. Chuo cha ufundi kimenipa kazi. Nitafundisha ushonaji kuanzia Julai. Mkuu wa chuo ameona kola za sare ninazowashonea shule ya jirani, akaja kibandani kuuliza ni mashine gani ninatumia. Nikamwonyesha cherehani yangu ya mkono. Akakaa akanitazama ninavyozungusha kwa mkono wa kulia na kusukuma kitambaa kwa wa kushoto, akasema wanafunzi wake wana miguu mizima na hawawezi kushona mstari ulionyooka. Nikamwambia miguu haina uhusiano na mstari.

Shida ni kwamba chuo kiko kilomita kumi na nne. Pikipiki nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza dereva alinifunga magongo pembeni kama kuni. Mara ya pili tuliangukia mtaroni, nikachubuka kiwiko na kucheka mwenyewe. Mwalimu hawezi kuingia darasani na matope kila siku.

Kwa hiyo nimenunua gari. Kaa chini kwanza. Ni dogo, la mtumba, jeupe lililochoka, na lina vyuma vya mkono, kimoja cha breki na kimoja cha mafuta, kwa hiyo miguu yangu ipumzike tu. Leseni nimeipata Februari. Sikukwambia kwa sababu ungecheka. Hela ni za sare za miaka sita. Gari linatoka ng'ambo na litafika bandarini mwisho wa Mei. Watu wa hali yangu tunasamehewa kodi ya gari moja kila miaka minne. Bila huo msamaha kodi inazidi bei niliyonunulia, na hapo gari litakaa yadi mpaka lipigwe mnada. Wewe ndiyo kazi yako kutoa magari bandarini. Niambie nijaze nini na nipeleke wapi.

Wifi na watoto wasalimie.

Dada yako,
Mkasi


15 Aprili

Dada Mkasi,

Shikamoo. Hongera, mwalimu. Wanafunzi wako nawaonea huruma, najua ulivyonitandika kwa futi ya kupimia nilipokosea kukata kitambaa cha watu.

Kuhusu gari nina wasiwasi. Mtumba wa ng'ambo ni kama ndoa ya pili, unaambiwa kasoro zote zilibaki kwa wa kwanza. Hivyo vyuma vya mkono vikiharibika fundi wake utampata wapi? Mimi nilikuwa nafikiri nikukodie teksi ya mwezi mzima, asubuhi na jioni, hela natoa mimi. Utaenda kazini umekaa nyuma kama bosi.

Msamaha wa kodi si jambo la kuliendea mbio. Mwaka huu wamebana mno, wanaangalia kila karatasi. Usipeleke fomu. Hata daktari akikwambia amekwishaisaini, usipeleke fomu. Gari likifika tutaliacha yadi mpaka mambo yapoe, pengine mwakani, nami nitajua la kufanya. Nakuomba sana, usipeleke fomu.

Na lile gari jeusi usilitaje kwa watu. Mwenyewe ni mtu mkubwa, hapendi kuzungumzwa. Kazini tunamwita Ghorofa ya Saba, kwa sababu ndiko anakokaa na hashuki kwa ngazi.

Wifi yako anakusalimia. Watoto wanauliza lini shangazi anakuja tena.

Mdogo wako,
Kidomo


23 Aprili

Kidomo,

Umeandika "usipeleke fomu" mara tatu kwenye barua moja. Nimehesabu.

Teksi ya mwezi sitaki. Nimekaa nyuma ya watu miaka arobaini na sita: nyuma ya baiskeli ya baba, nyuma ya pikipiki za watu, nyuma ya lori la mkaa siku ile ya msiba wa mama. Sasa nataka kukaa mbele na kushika usukani. Kama hilo hulielewi, basi ni kwa sababu wewe miguu yako haijawahi kumwomba mtu kitu.

Tangu ulipojua kuandika vizuri umekuwa ukinijazia fomu zangu zote, za umeme, za kiwanja, za bima. Mimi naweka sahihi tu. Safari hii nimejaza mwenyewe, daktari amegonga muhuri, na jana nimeipeleka posta. Kwa hiyo pumzika.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, utaniambia. Mimi langu lilikwisha kabla sijamsikia mkuu yeyote, kwa hiyo sina cha kuogopa.

Dada yako,
Mkasi


KITENGO CHA MISAMAHA YA KODI

19 Mei

Ndugu Mwombaji,

YAH: OMBI LAKO LA MSAMAHA WA KODI YA GARI

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Ombi lako limepokelewa na kufanyiwa kazi. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa tarehe 11 Novemba mwaka uliopita ulipewa msamaha wa kodi wa gari moja jipya, jeusi, la viti saba, lililotajwa kuwa limefungwa vyuma vya mkono kwa matumizi yako. Gari hilo lilikaguliwa barabarani tarehe 17 Machi mwaka huu na wewe mwenyewe ukakutwa ndani yake.

Kwa kuwa miaka minne haijapita, ombi lako la sasa limekataliwa.

Unatakiwa kufika ofisini kwetu tarehe 12 Juni saa tatu asubuhi kutoa maelezo kwa nini uliomba msamaha wa pili. Unakumbushwa kuwa kutoa taarifa za uongo ili kupata msamaha wa kodi ni kosa la jinai.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kny: Mkuu wa Kitengo


24 Mei

Mdogo wangu,

Nimeambatanisha nakala ya barua niliyoipata jana. Isome kwanza.

Ni makosa ya makarani, hilo nililijua mara moja. Wamechanganya jina langu na la mtu mwingine. Gari jipya la viti saba nilipate wapi mimi, na mtu akiagiza vifungo dazeni mbili namwomba alipe nusu kwanza? Nilitaka wewe uende pale ofisini uwaambie tu kwamba tarehe 17 Machi nilikuwa kwako mjini, kwa hiyo hawakuweza kunikuta barabarani ndani ya gari lolote isipokuwa lile la rafiki yako.

Nimeandika hapo juu, nikaweka kalamu chini, nikaenda kuchemsha chai. Chai imepoa na sijainywa.

Nakumbuka kile kizuizi. Askari mmoja na mtu wa forodha mwenye daftari. Dereva alishusha kioo cha nyuma, cha kwangu, siyo cha kwake. Yule wa forodha akainama akaniamkia kwa adabu, akauliza jina langu. Kabla sijajibu dereva akamtajia, majina yote matatu. Nilishangaa dereva nimemjua siku moja anajua hadi jina la babu yangu. Yule mtu akaangalia magongo, akaandika, akasema safari njema mama. Nilidhani ananiheshimu. Nilipofika kwenu nilimsimulia hata wifi jinsi askari wa mjini walivyo na adabu, na wewe ulikuwa unakula, ukainamia sahani.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo nashona mwenyewe.

Niambie sijaelewa, Kidomo. Nitafurahi sana kuambiwa mimi ni mjinga.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Umeelewa.

Nimeanza barua hii mara nne. Nitaandika tu ilivyo.

Gari kama lile kodi yake inanunua nyumba mbili. Mkubwa anataka gari, kodi haitaki. Basi anatafutwa mtu mwenye haki ya msamaha, gari linaingia kwa jina lake, na mwenye jina hajui. Ghorofa ya Saba ndiye anayepitisha hiyo misamaha. Magari mengine ni ya rafiki zake, lakini hili lilikuwa lake mwenyewe na hakutaka jina la mtu wa barabarani. Aliniita juu akaniuliza, huna mtu wako wa hali hiyo? Nikasema nina dada.

Hayo maneno mawili nayasikia mpaka leo. Lakini leseni yangu ya uwakala ilitoka mikononi mwake, na kuifuta anaweza kwa kalamu ileile. Mizigo yote ninayopata inapita mezani kwake. Sikuona kama nakuibia. Nilisema wewe gari huhitaji, hukuwahi kutaja gari hata siku moja.

Machi wakaanza ukaguzi, kila gari la msamaha lisimamishwe na mwenye jina awe ndani. Ndipo nikakuita. Siku zile mbili tulikuwa tunatafuta kizuizi, Dada. Tulizunguka mpaka tukakipata.

Sasa nakuomba. Ukienda tarehe 12 sema gari ni lako, ombi la pili lilikuwa kutoelewa sheria, samahani. Watafunga jalada. Ghorofa ya Saba ameahidi. Lile gari lako dogo tutalitoa kwa jina jingine. Lipo la mtu ambaye hana haja ya gari, na hatajua.

Ukisema si lako, hawatamwuliza yeye. Jina lake haliko kwenye karatasi hata moja. Langu ndilo lipo kila mahali, na nina watoto watatu.

Damu ni nzito kuliko maji.

Kidomo


13 Juni

Kidomo,

Jana nilikwenda. Nilipanda basi la usiku ili nifike kabla ya saa tatu, na sikupita kwako kwa sababu ningekupiga na gongo mbele ya watoto.

Pale nje ya ofisi kuna benchi refu. Nilimkuta mzee mmoja asiyeona, fundi wa kusuka viti, ameshika barua kama yangu. Mjukuu wake alikuwa amemsomea. Akasikia magongo yangu yakigonga sakafu akasogea, akaniuliza:

"Na wewe umepewa gari?"

"Nimepewa."

"Gani?"

"Jeusi, viti saba."

"Umebahatika," akasema. "Mimi langu lina milango miwili tu, na wanasema linakimbia sana. Nimewaomba basi angalau waniambie rangi yake."

Tulicheka mpaka mlinzi akatuangalia. Halafu akaniambia amekuja kwa sababu aliomba msamaha wa pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea viti vyake sokoni, mwanawe aendeshe. Wamemkatalia. Analo la milango miwili. Baada ya hapo hatukucheka tena. Nilikaa nikiwaza, huyu ndiye "mtu ambaye hana haja ya gari, na hatajua." Kumbe ndivyo ulivyosema na juu yangu.

Afisa aliyeniita ni mwanamke wa makamo, miwani yake ameifunga kwa uzi. Alifungua jalada, na kitu cha kwanza nilichoona ni picha yangu. Nimesimama na magongo ukutani kwangu, gauni la maua ya njano, nimetabasamu. Ulinipiga picha ile Oktoba, ukaniambia ni ya bima. Ulinirudisha nyuma mara mbili ili miguu yote ionekane. Nilifikiri unataka nitoke vizuri.

Chini yake kuna sahihi yangu. Umeiga vizuri, hata ule mkia wa mwisho. Afisa akaniuliza, "Hii sahihi ni yako?" Nikamwambia naomba maji. Alinipa. Akaniuliza tena, nikamwambia miguu inaniuma, kitu ambacho si kweli, miguu yangu haijaniuma tangu nina miaka mitatu. Nilitumia ugonjwa wangu kukwepa swali. Nimejionea aibu njia nzima.

Huyo mama si mjinga. Alinipa fomu ya maelezo yenye maswali mawili, akasema niende nayo nyumbani nikaijaze kwa utulivu, niirudishe Ijumaa ya tarehe 26, siku ya mwisho. Akasema nikijibu ukweli, msamaha wangu unafunguliwa na gari langu linatoka. Gari limeshafika, lipo yadi. Nikidanganya nalipoteza, na kazi ya Julai imekwenda nalo, na mahakamani nitakwenda mimi.

Swali la kwanza linasema: Je, gari lililotajwa ni lako? Hilo nimejibu. Nimeandika si langu, sijawahi kuliomba, nimelikalia siku mbili bila kujua, na ndani yake hamna chuma cha mkono hata cha kutundikia koti.

Swali la pili linasema: Ni nani aliyejaza ombi kwa niaba yako? Hilo nimeliacha wazi.

Fomu ipo humu ndani ya bahasha. Wewe ndiye unayenijazia fomu. Jaza na hii, kwa mkono wako, uirudishe na basi.

Dada yako


19 Juni

Dada,

Fomu hiyo hapo, nimejaza. Soma kwanza maelezo yangu kabla hujakasirika.

Nimeandika jina la mama karani. Usitupe barua. Yeye ndiye aliyechapa lile ombi, kwa hiyo si uongo mtupu, herufi zote zilitoka vidoleni mwake. Amebakiza miezi minne kustaafu. Ni mjane, hana leseni ya kunyang'anywa, na watu wa umri wake hawafungwi, wanapewa onyo. Ghorofa ya Saba mwenyewe ndiye aliyeliona hilo, amesema atahakikisha kiinua mgongo chake hakiguswi. Wewe unapata gari lako, unaanza kazi Julai, mimi nabaki na watoto wangu, na yeye anakwenda kupumzika kama alivyotaka. Hakuna anayeumia sana.

Ni mstari mmoja tu. Ipeleke hivyo hivyo.

Nimekonda, Dada. Hata wifi yako amegundua.

Kidomo


23 Juni, Jumanne

Mdogo wangu,

Nimekuchukia siku mbili kamili. Leo imenipita, nimebaki na huzuni, na nakuandikia kabla haijarudi.

Jina la mama karani nimelikata. Nimepitisha wino mara mbili juu yake mpaka halisomeki. Yule mama aliniona nimekaa vibaya kwenye kiti cha ofisini kwenu, akaondoka bila kuambiwa akarudi na mto. Wewe ulikuwa umesimama palepale, hukuona. Herufi zilitoka vidoleni mwake, unasema. Basi na mimi nikamatwe kwa kila suruali niliyoshona iliyovaliwa na mwizi.

Juu ya mstari huo nimeandika jina lako. Siyo Kidomo, jina lako la cheti, yote matatu. Ilibidi nisimame kwenye herufi ya pili. Nililia, sitakuficha. Mama alipokufa ulikuwa na mwaka na nusu, na ulijifunza kutembea umeshika gongo langu. Ukianguka tunaanguka wote, wewe juu, mimi chini. Watu walikuwa wanatuhurumia na sisi tulikuwa tunacheka. Nakupenda, hilo halijabadilika, na ndilo linaloniuma. Ungekuwa mtu baki ningeandika jina lako huku nimeshika kikombe cha chai.

Usinitajie watoto. Watoto wako nitawalea mimi na wifi kama nilivyokulea wewe, na nitawalea vizuri zaidi, kwa sababu sasa najua nilipokosea. Nilikusifia sana ujanja. Ulipomzidi akili mwalimu nilicheka, ulipomdanganya muuza vitambaa nikasema mdogo wangu ana kichwa. Sikukwambia hata mara moja kwamba yule muuza vitambaa naye ana nyumbani kwake.

Ungeniomba gari, Kidomo. Ungesema Dada nipe haki yako, nina shida, ningefikiria. Pengine ningekupa, nami ningekuwa mkosaji pamoja nawe. Hukuniomba kwa sababu hukuona kama nina kitu cha kuombwa.

Barua hii utaipata kesho Jumatano. Ijumaa saa tatu nakabidhi fomu kwa yule mama mwenye miwani. Siku iliyopo katikati ni Alhamisi. Mtu akienda mwenyewe wanamwandika tofauti na yule anayefuatwa nyumbani mbele ya watoto. Sitakupigia simu, na wewe usinipigie. Nikisikia sauti yako nitalegea.

Dada yako,
Mkasi


25 Juni, Alhamisi

Dada,

Shikamoo.

Nilifika saa moja na nusu, mlango ukiwa bado umefungwa. Mlinzi akaniuliza nina shida gani, nikamwambia ni kuhusu gari la dada yangu. Akasema nikae kwenye benchi.

Sasa ni saa tisa. Simu wamechukua, karatasi hii na kalamu nimeomba. Yule mama mwenye miwani amesema barua nitakukabidhi kupitia kwake ukija kesho, kwa hiyo nadhani unaisoma umesimama mbele ya meza yake. Kaa kwanza, kiti cha kulia kinayumba.

Nimeandika yote. Majina yaliyotumiwa ni kumi na moja, pamoja na lako. Yule fundi wa viti asiyeona ni wa nne. Mwambie gari lake ni jekundu. Ghorofa ya Saba nimemtaja kwa jina na cheo, wamempigia mbele yangu, akajibu hajawahi kunisikia. Ndivyo ilivyo, nilijua. Ila saa sita gari jeusi wamelikuta limeegeshwa nyuma ya uwanja wa mpira, funguo ndani, na kwenye droo kuna risiti za fundi zenye sahihi yake. Sijui kama zitatosha. Yeye ana mawakili na mimi nina kalamu ya kuazima.

Hawataniachia leo. Wifi yako anajua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekuomba radhi, nikasema bado, akasema basi anza na hilo kabla hujamwomba yeye. Nisamehe, Dada. Sikukuona. Nilikuwa naona magongo, na fomu, na muhuri wa daktari. Wewe mwenyewe sikukuona, na ulikuwa umekaa mbele yangu unatabasamu kwenye kamera.

Mama karani nilimwambia pia jana ofisini, hata la jina lake. Alichukua mkoba akatoka. Nilidhani amekwenda kwao. Akarudi akasema Ijumaa dada yako atahitaji mtu wa kumshikia magongo pale yadi. Atakuwa nje ya ofisi hii kuanzia saa tatu, mtafute.

Jana usiku sikulala, na alfajiri kabla sijaja huku nilipita yadi ya tatu, mlinzi ananijua. Gari lako liko mstari wa mwisho, karibu na ukuta. Nimekaa kwenye kiti chako, miguu nimeikunja, nikaendesha kwa mikono tu, nikazunguka yadi mara mbili. Chuma cha mafuta kiko laini. Cha breki ni kizito kidogo, ukikivuta kwa nguvu gari linaruka, kwa hiyo kivute polepole, usiwe na hasira.

Mdogo wako